Rafu ya Kungoja

Mtu akileta betri kwetu, neno lake la kwanza halikuwa salamu. Alisema, "Hii ni ya kwangu," halafu akakuonyesha alama. Mmoja alikuwa amekwaruza msalaba kwa msumari. Mwingine alipaka rangi za timu yake ya mpira. Kuna mchonga mawe mmoja wa kutoka timbo za Njiru, yeye aliandika NI MIMI kwa rangi nyeupe, na sikuwahi kumuuliza maana yake. Na kuna mama aliyekuwa akiuza chai na mandazi kwenye lango la kiwanda, akikaa Mukuru kwa Reuben. Huyo alifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa betri yake, akakikaza kwa meno.

Zilikuwa betri za gari, lakini gari hakuna aliyekuwa nalo. Zilikuwa za kuwasha redio na televisheni ndogo katika nyumba zisizo na stima. Sisi tulikuwa Shauri Moyo, ndani ya kibanda cha mabati chenye stima, na kazi yetu ilikuwa kuzijaza moto. Unaleta asubuhi, mimi naiweka kwenye rafu, nachora alama yako kwa chaki juu yake, naiunga na zingine kwa waya, unachukua kesho yake jioni. Ule usiku wa katikati unakaa bila taarifa ya habari. Watu walilalamika, lakini walikuwa wamezoea, na betri ya mtu haikuwahi kupotea mkononi mwangu. Hilo naweza kulisema bila kujisifu, maana si kazi ngumu. Ni kukaa na kuangalia tu.

Mwenye kibanda alikuwa Mzee aliyestaafu reli, mtu wa magharibi kama mimi, na tulisali kanisa moja. Siku ninazokumbuka alikuwa ameanza kusema kwamba amechoka na Nairobi, anataka kurudi nyumbani akaangalie mahindi yake. Watoto wake hawakuitaka kazi ya asidi inayotoboa suruali. Basi akatuambia wazi, mimi na mwenzangu wa kazi, tukiwa tumeketi kwenye benchi, kwamba kibanda atamwachia mmoja wetu.

"Yupi, Mzee?" mwenzangu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki.

"Nitatazama."

Toka siku hiyo nami nikaanza kutazama. Nilitazama Mzee anammiminia nani chai kwanza. Nilitazama anamwita nani "mwanangu" na nani "wewe." Mimi nilikuwa wewe. Sitaki kumwonea, huenda ni kwa sababu nilikuwa karibu kila mara, na mtu wa karibu haitwi kwa jina tamu. Lakini nilikuwa nimefika kibandani kabla ya huyu mwenzangu, na nilikitaka kile kibanda kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Sikuona mlango mwingine mbele yangu.

Mwenzangu alikuwa amesomea umeme kidogo kwenye chuo cha ufundi, akaacha karo ilipokwisha. Kanisani aliimba sauti ya juu, nami nikaimba ile ya chini ambayo haisikiki mpaka ikosekane. Alikuwa na kicheko cha kufungua milango. Wateja walikuja wamenuna kwa uzito wa betri, wakaondoka wakitabasamu, na mimi ndiye niliyekuwa nimewasaidia kuitua. Nilimwonea wivu. Naliandika neno hilo jinsi lilivyo kwa sababu sijapata lingine linalotosha.

Siku moja akaja na wazo. Alikuwa amewaona watu wakibadilisha mitungi ya gesi mjini. Unapeleka mtungi mtupu, unapewa uliojaa, unakwenda zako, na hakuna anayelilia mtungi wake wa zamani.

"Kwa nini mtu angoje mpaka kesho?" alimwambia Mzee. "Alete betri iliyokufa, achukue iliyojaa, aende nyumbani atazame televisheni usiku huo huo. Sisi tunabaki tukijaza ile aliyoacha, tunampa mwingine. Betri ziwe za wote."

"Za wote," Mzee akarudia, kana kwamba analionja neno.

"Na tuzipake rangi moja. Kijani. Ili mtu asianze maneno ya hii yangu, ile yangu."

Mzee akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nilisema watu wanapenda vya kwao. Nilisema tu hivyo. Ndani yangu kulikuwa na jambo jingine, kwamba betri hazilingani, kuna changa na kuna kizee, na ukishazipaka rangi moja hutajua tena. Lakini wakati huo huo nilijua kwamba naona uchungu kwa sababu wazo si langu. Nikashindwa kutenganisha. Lile jambo nilipolitazama lilikuwa na sura ya akili, nikalitazama tena likawa na sura ya kijicho. Nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama ukimya ule ulikuwa wa heshima au wa kuogopa.

Tulipaka kijani. Mzee alinunua betri chache za kuanzia, na yeyote aliyekubali kuacha yake alipewa iliyojaa papo hapo. Mama wa chai alikuwa wa kwanza. Nilimsogelea mwenzangu alipokuwa amegeuka, nikamwambia mama kwa sauti ndogo, "Mama, ukiiacha imeenda. Hutaiona tena."

Akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa. "Wewe kijana una wivu. Unataka nilale bila habari mpaka lini?" Halafu akamwita mwenzangu, watu wote wakisikia, "Mulamwa, fungua hiki kitambaa, mimi nakwenda na ya kijani."

Alimwita mulamwa, shemeji, kwa mzaha tu. Mimi hakuniita chochote.

Na lazima nimtendee haki: wazo lilifanya kazi. Lilifanya kazi sana. Wafanyakazi wa viwandani walipotoka kazini walipitia kwetu, wakatua iliyokufa, wakachukua iliyo hai, wakaenda. Vijana walisimama kando wakamsifu. "Buda, huyu msee ako na kichwa," mmoja akamwambia Mzee. Mzee akacheka, akasema kichwa hicho ni cha nyumbani, cha mahindi na kunde. Rafu yangu ikabaki na betri za wakaidi wachache. Yule wa NI MIMI alikataa katakata. "Rangi yako ni nzuri," alimwambia mwenzangu, "lakini mimi nikipakwa kijani nitajijuaje?" Watu wakacheka. Nikampenda mchonga mawe yule kuliko ndugu.

Nilikuwa nikichora chaki juu ya rafu nusu tupu, na kila kicheko cha upande wa pili kilinichoma. Nilianza kumhesabia mwenzangu vitu visivyo na maana. Viatu vyake vilikuwa safi licha ya asidi. Aliweza kula huku anaongea na bado akaonekana na adabu. Hata kikohozi chake kilikuwa kizuri.

Ni wakati huo nilipoiona ile betri nyeusi. Ilikuwa nyuma ya chaja, chini ya gunia, haijapakwa rangi. Nilimuuliza.

"Hiyo? Ya kujaribia tu, bro."

Nikakubali. Lakini Jumamosi nikamwona ameifunga kwa nguo, ameipandisha begani, anaenda nayo kwake. Jumatatu ikarudi, ikajazwa, ikafunikwa gunia. Nikaelewa. Yule aliyewaambia watu wote kwamba betri ni ya wote, yake mwenyewe hakuitia kwenye duara la kubadilishana. Aliiweka mbali, akaijaza peke yake, akaenda nayo nyumbani kama yule wa Njiru. Kilichokosekana ni maandishi tu.

Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi kuokota kitu barabarani. Nikakiweka moyoni. Nilijiambia siku ya Mzee kuamua nitakuwa na la kusema.

Kuharibika kulikuja polepole. Mtu mwenye betri nzuri alikuwa akiacha nzuri, anapewa yoyote. Mtu mwenye betri mbovu alikuwa akiacha mbovu, naye anapewa yoyote. Haikuchukua muda soko la Gikomba likajua. Mafundi wa vyuma vikuukuu walianza kuuza betri zilizokufa kabisa, zilizozibwa nyufa kwa lami, na mtu ananunua hiyo takataka, anaileta kwetu, anapewa ya kijani iliyojaa. Sisi tunapaka. Rangi ikafunika lami, ikafunika nyufa, ikafunika umri. Baada ya muda zote zilikuwa za kijani na nyingi zilikuwa zinaugua. Ukiijaza inasema imejaa. Ukiifikisha Mukuru, taarifa ya habari haijafika kwenye mpira, picha inajikunja kama kitambaa kinachonyauka juu ya jiko, inakuwa kamstari, inazima.

Mama wa chai alikuja asubuhi na betri ya kijani kichwani. Aliitua kwa kishindo mbele ya mwenzangu.

"Mulamwa, jana nyumba yangu ilijaa majirani. Walikuja na stuli zao. Mtangazaji amefungua mdomo, hajasema neno, amekuwa kamstari. Wameniuliza, mama, hii ndiyo televisheni au ni uzi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, lakini yeye hakucheka.

"Nikupe nyingine, mama."

"Sitaki nyingine. Nataka ya kwangu. Ya kitambaa chekundu. Marehemu mume wangu aliinunua ikiwa mpya, kwenye duka, na karatasi yake. Iko wapi?"

Mwenzangu alitazama lundo la kijani. Akaigeuza moja, akaigeuza nyingine, zote zilifanana. Nilingoja kusikia utamu ndani yangu, na ulikuja, sitasema haukuja. Lakini ulikuja mdogo, kama sukari ya mwisho ya mkebe. Maana yule mama alinigeukia mimi.

"Na wewe ulijua," akasema.

Nikasema nilimwambia.

"Ulininong'oneza. Ungepiga kelele."

Wateja wakaanza kuondoka. Kulikuwa na kibanda kingine karibu na Gikomba chenye rafu kama yangu ya zamani, kila mtu na yake, na watu wakaanza kuvuka kwenda huko. Mzee alikaa kwenye benchi siku nzima bila kuomba chai. Jioni alisema, "Mnajua nikiuza chaja hii leo nitakwenda nyumbani na nauli tu?" Sisi wote wawili tukaona kibanda tunachokigombea kinaanza kuyeyuka kabla hakijapata mwenyewe.

Ningependa kuandika kwamba mimi ndiye niliyepata dawa. Si mimi. Alikuwa mwenzangu tena. Alikuja kesho yake na kile kipimo cha kioo, cha kunyonya asidi, chenye kitu kinachoelea ndani kuonyesha kama betri ni nzima. Tulikuwa nacho siku zote, tulikuwa tukikitumia sisi kwa sisi. Yeye akakileta mbele, mezani, wateja wakione.

"Tulikosea," aliwaambia waliokuwepo. "Nilikosea mimi. Kuanzia leo, anayetaka kubadilisha, betri yake inapimwa mbele ya macho yake. Ikifaulu inaingia kwenye kijani. Isipofaulu, haiingii. Na asiyetaka kubadilisha, arudi kwenye rafu ya mwenzangu, angoje kama zamani. Rafu yake ilikuwa sawa."

Alisema hivyo, rafu yake ilikuwa sawa, mbele ya watu. Kama angekataa kosa ningemchukia kwa raha. Sasa aliniachia nini? Alikuwa amechukua hata ile haki yangu ya kuwa sahihi, akanipa kama zawadi, na watu wakampigia makofi yeye aliyetoa.

Jumapili baada ya ibada tulikaa nje ya kibanda, makoti ya suti yamevuliwa, tukikwaruza betri za kijani kwa kisu kutafuta ya mama wa chai. Zilizokuwa zimekufa tuliziweka kando. Aliimba chini chini ule wimbo wa asubuhi, na bila kutaka nikajikuta naitikia kwa sauti yangu ya chini. Nilikasirika nilipogundua, nikaacha. Akaendelea peke yake, na wimbo ukasikika una shimo.

"Usiache, bro," akasema. "Inabaki kama nyumba bila sakafu."

Niliokota betri, nikaigeuza, nikaona si yenyewe, nikaiweka kwenye lundo la zilizokwisha kuangaliwa. Baadaye kidogo yeye aliiokota hiyo hiyo, akakwaruza chini ya mshikio, akatoa uzi mwekundu uliokuwa umenaswa ndani ya rangi.

"Ndiyo hii."

Nilikuwa nimeishika mimi kwanza. Nilitaka kusema hivyo. Lakini kuishika si kuiona, na hilo nilijua.

Tuliipima. Ilikuwa nzima kabisa. Mtu fulani huko Mukuru alikuwa ameifaidi majuma yote hayo bila kujua kitambaa kilikuwa cha nani.

Mzee alituita siku chache baadaye. Wateja walikuwa wameanza kurudi, wengine kwenye kijani, wengine kwangu. Ilikuwa mchana, chai mezani. Akammiminia mwenzangu kwanza, kisha mimi. Niliona.

"Mahindi yanaota bila mimi," akasema. "Nataka kusikia kila mmoja. Wewe, uliona mambo yataharibika?"

"Nilishuku, Mzee."

"Uliniambia?"

"Nilimwambia mama wa chai."

Mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Basi ungemwomba mama wa chai akuachie kibanda."

Nikajua wakati wangu umefika. Ile betri nyeusi ilikuwa nyuma yetu, chini ya gunia, hatua chache tu. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima. Nikasita, nikijiuliza kama nitaisema kwa sababu ni kweli na Mzee anapaswa kujua, au kwa sababu itamwangusha. Zote mbili zilikuwa kweli, na sikuweza kuchagua.

Nikiwa bado na mdomo wazi, mwenzangu akasema, "Mzee, kabla hujaamua, kuna kitu." Akainuka, akavuta gunia. "Hii ni yangu. Sikuitia kwenye kijani hata siku moja. Niliogopa nitapewa mbovu."

Mzee alimtazama, akaitazama betri.

"Kwa hivyo ulijua."

"Sikujua kama ninajua. Niliogopa tu."

Mzee akarudi kucheka, safari hii polepole, akitikisa kichwa. "Wewe ndiwe mwenye duka la kubadilisha, na wewe ndiwe mteja wa kungoja." Akanigeukia. "Na wewe, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Hakuna," nikasema. Na ilikuwa kweli. Hakikubaki kitu.

Akampa mwenzangu kibanda. Alisema kibanda kikiwa kwa mtu anayeweza kulitaja kosa lake mwenyewe, yeye Mzee atalala usingizi huko nyumbani. Lakini akaweka sharti, akalisema mara mbili akinitazama mimi: rafu ya kungoja isiguswe, na iwe mikononi mwangu, na mwenye kibanda asiamue lolote juu yake. "Huyu alete vipya," akasema. "Wewe uhakikishe vya zamani havifi kabla vipya havijajifunza kutembea."

Sijui kama ni hekima au alikuwa ananipoza. Nimelifikiria sana. Siku nyingine naona alinipa nusu iliyo nzito. Siku nyingine naona alinipa mabaki. Nilibaki kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na pia kwa sababu mama wa chai alirudisha betri yake kwenye rafu yangu, na kitambaa kipya chekundu, akaniambia, "Safari hii ukiona kitu, piga kelele."

Mzee akaenda. Jioni ya kwanza bila yeye, nilikuwa nafunga vibanio vya waya, mwenzangu akaja upande wangu amekumbatia ile betri nyeusi. Aliiweka juu ya rafu.

"Hii ni ya kwangu, bro," akasema. "Naitaka leo. Nyumbani wanaingoja taarifa ya habari."

Nilichukua chaki. Hakuwa na alama, nikamuuliza niandike nini. Akafikiri, akasema, "Andika NI MIMI."

"Hiyo ina mwenyewe."

Akacheka kile kicheko chake. Nikachora duara tu. Nikaiunga kwenye mstari, mwisho kabisa, nyuma ya zingine zote.

"Kesho jioni," nikamwambia.

"Lakini mimi ndiye mwenye kibanda."

"Rafu ni yangu."

Alinitazama kidogo. Halafu akatikisa kichwa, akachukua koti lake, akaondoka kwenda kwake gizani bila taarifa ya habari, bado akicheka, akimsalimia kila mtu njiani. Nilimsikia mpaka alipokata kona. Hata bila betri alikuwa na moto kuliko mimi, na nikarudi kuangalia zile za watu.